Gazeti la Kufutia Wembe

Mei 3

Daftari hili nimelinunua uwanja wa ndege, maana mtu wa dunia kama mimi hawezi kutoka kwao halafu arudi kusimulia kwa kubahatisha. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu mwenyewe aliusifu. Alisema unasomeka hata na mlevi.

Basi nimefika. Nje ya nchi! Mimi, kinyozi wa nyuma ya soko, niliyenyoa vichwa vya maharusi, mahakimu na maiti, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Joto la hapa ni kama kufungua tanuri ukaingiza kichwa. Lakini barabara, jamani! Laini, taa zote zinawaka, na hakuna anayepiga kelele. Kwetu, kabla hujafunga mlango wa gari, umeshasikia watu wawili wanatukaniana mama zao. Dereva aliyetupokea hakusema neno njia nzima. Nikasema moyoni, hawa ndio watu waliostaarabika.

Pasipoti wamezichukua watutunzie. Sawa tu. Mimi hutafuta miwani na huku nimeivaa.

Mei 4

Saluni ina viti vitatu, kioo ukuta mzima na mashine ya ubaridi. Juu ya kioo ipo picha ya mtawala wao, kubwa kama mlango. Wanamwita Mkubwa, na wakimtaja sauti inashuka kama wanapita chumba cha mgonjwa.

Mwenye saluni tunamwita Tajiri. Mzee mwembamba, shati jeupe, muungwana sana. Amefanya kazi na watu wetu miaka mingi, lugha yetu anaisema. Alitupa masharti huku anatabasamu. Usafi. Kuwahi. Na mazungumzo na wateja, wengi wao wafanyakazi wa kwetu, ni mawili tu, hewa na mpira. "Hewa ni nzuri, timu imeshinda. Basi."

Nikamuuliza, "Na timu ikifungwa je, Tajiri?"

Tabasamu likaondoka. "Ikifungwa, hewa ni nzuri."

Tuko vinyozi wawili. Kiti cha tatu hakina mtu. Nimemuuliza mwenzangu nani alikuwa anashika zamu pale.

"Hewa ni nzuri," kanijibu, anafagia.

Mei 6

Mwenzangu ni mtu wa kwetu kabisa, ila wa upande wa pili wa nchi. Ana miaka miwili hapa. Mtu mkimya mpaka unataka kumtikisa usikie kama kuna kitu ndani. Tunalala chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha lisilofunguka. Pembeni ya mto ameweka picha ya dada yake, amesimama na pasi mkononi, mpiga pasi wa duka moja la dobi mjini kwao.

Nikamwambia, "Huyu ameolewa?"

"Hapana."

"Basi kuanzia leo wewe ni shemeji yangu. Nisalimie mke."

Akacheka! Mara ya kwanza. Anacheka kwa mabega, sauti haitoki. Tangu saa ile namwita Shemeji, na yeye ananiita Shemeji, na posa sijapeleka.

Mei 11

Joto. Nimenyoa ishirini na wawili. Hewa ni nzuri, timu imeshinda.

Mei 19

Nimemsimulia Shemeji habari za kibanda changu cha nyumbani, kanisikiliza kama mtoto. Hapa tunafutia wembe kwa karatasi laini za kuviringishwa. Kwetu nani ana hizo? Mimi nafutia gazeti. Kila kinyozi wa soko letu hufanya hivyo: unachana kipande, unakilaza kiganjani, kila ukikokota wembe unapangusa povu na ndevu pale. Na magazeti yamejaa sura za wakubwa. Basi wateja wangu wakajifunza kuchagua. "Leo nifutie kwa huyu." Kuna mzee mmoja fundi bomba alikuwa anakuja na ukurasa wake kutoka nyumbani, waziri wa maji kamkunja mfukoni. "Mpake vizuri, bomba letu lina wiki tatu linakohoa."

Siku moja diwani wetu kaja kunyolewa. Nimefika nusu ya ndevu, akatupia jicho kiganjani mwangu, akajiona. Yeye mwenyewe! Povu mpaka kwenye nyusi. Alifoka, akatupa shuka, akatoka na nusu ya ndevu. Vinyozi wote wa soko wakamwambia, mheshimiwa, kamalizie ulikoanzia. Siku ya pili akarudi amejifunga kitambaa cha shingo mpaka puani. Nikammalizia. Akaniambia, "Wewe mshenzi sana." Nikamwambia, "Geuza shavu, mheshimiwa."

Shemeji mabega yalimtingishika hadi akashika ukuta. Halafu akaniuliza, "Na hawakuja kukuchukua?"

"Nani aje?"

Mimi nikamalizia kwa kumwambia ndiyo maana nchi yetu haiendelei. Hakuna heshima. Mkubwa wa hapa nani anaweza kumfutia wembe?

Juni 8

Nimepiga simu nyumbani. Mama anasema wanawake wa mtaa wamefunga barabara kwa ndoo tupu wakidai maji, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa anapiga ndoo mbele kama ngoma ya beni. Nikamwambia mama awaambie watulie, huku nilipo watu wanatulia na maji yanatoka.

Mama akasema, "Wiki tano tu, umeshakuwa mkwe wa serikali?"

"Mama, mimi nimeona dunia."

"Haya, uliyeona dunia. Maji yametoka jana."

Juni 20

Leo kaja kijana mmoja wa mjengo, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Kakaa kiti cha Shemeji akaanza kuuliza, kwa sauti tu ya kawaida, kama kuna mtu anamjua rafiki yake aliyeanguka kutoka ghorofa ya tisa, maana wanaambiwa hajawahi kuwepo. Watu wote kwenye benchi walianza kutazama viatu vyao. Shemeji akawasha mashine ya kunyolea, akaisogeza karibu na mdomo wa kijana, nguuu, maneno yakazama. Kila kijana akifungua kinywa, mashine.

Tulipofunga nilimwambia ukweli wake. "Shemeji, wewe ni mwoga. Mtu ana msiba unamngurumishia mashine?"

"Ndiyo," akasema. "Mimi mwoga."

Juni 27

Joto limezidi. Upepo wenyewe ni wa moto, unaleta mchanga chini ya mlango. Yule kijana wa mjengo hajaonekana. Wenzake wamekuja kunyoa. Nikawauliza anaendeleaje. Wakasema timu imeshinda.

Julai 2

Naandika nikiwa nimekaa chooni, mlango nimeuegemea. Mwandiko huu mwalimu asingeusifu leo.

Asubuhi karatasi laini ziliisha. Tajiri alikwenda kuagiza. Mteja wangu alikuwa ameshapakwa povu, nimeshaanza shavu la kushoto. Sikufikiri. Naapa kwa kaburi la baba sikufikiri. Mkono ndio ulikwenda wenyewe, miaka kumi na tisa mkono huu unafanya hivyo. Kwenye benchi palikuwa na gazeti. Nikachana, nikalaza kiganjani, nikapangusa. Nikapangusa tena. Nilikuwa namsimulia mteja habari za mpira.

Ghafla Shemeji yuko pembeni yangu. Akachukua ile karatasi kiganjani mwangu, na ndipo nikaiona. Mkubwa. Mabega yenye nishani, na usoni povu na ndevu za mtu mwingine mpaka kwenye nyusi. Shemeji akaikunja ndogo, akaitia mfuko wa koti lake la kazi. Akaniambia polepole, "Shika kazi, Shemeji. Hewa ni nzuri."

Kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja wa viatu vinavyong'aa, anasubiri zamu. Akainuka. Akasema atarudi.

Hata adhuhuri haijafika, walikuja wawili. Hawakufoka. Kwa adabu kabisa walitusimamisha sisi wawili na Tajiri mbele ya kioo, wakatupekua. Karatasi ikatoka mfukoni mwa Shemeji. Mmoja akaifungua taratibu kama anafungua kidonda.

"Hii ya nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika brashi. Kinywa hiki, ambacho soko zima linakijua, ambacho kimemjibu diwani na hakimu na mama mzazi, kilikauka. Tajiri alitazama sakafu. Shemeji alinitazama kwenye kioo. Hakugeuka. Alinitazama kidogo tu, halafu akawatazama wao.

"Ilikuwa mfukoni mwangu," akasema.

Hakusema ni yake. Alisema ilikuwa mfukoni mwake, na hilo lilikuwa kweli. Basi wakamchukua. Alikuwa hajavua koti la kazi, kitana bado kiko mfuko wa juu.

Nikamalizia shavu la kulia la mteja aliyefuata. Nilimnyoa vizuri.

Julai 3

Hewa ni nzuri.

Julai 4

Hewa ni nzuri.

Julai 5

Hewa ni nzuri. Timu imeshinda.

Julai 8

Daftari sasa linakaa ndani ya kopo la poda. Naandika herufi ndogo.

Simu ya Shemeji aliiacha chumbani ikichaji. Inawaka yenyewe juu ya kitanda chake. Najaribu kutosoma. Ni dada yake.

Kaka, mbona kimya?

Julai 9

Kaka, umekula?

Julai 10

Kaka, kama umenikasirikia niambie nilichokosa. Yule shemeji yako mchekeshaji naye yupo kimya? Mwambie anichekeshe basi.

Sikugusa simu. Nililala nimegeukia ukuta.

Julai 11

Nimewaza kuhusu mashine. Yule kijana wa mjengo alikuwa anasema maneno ya kumpoteza, na watu wa viatu vinavyong'aa hukaa kwenye benchi lile kila siku. Shemeji hakumkatiza. Alimfunika. Mimi, mtu wa dunia, nikamwita mwoga, na yeye akakubali ili tulale.

Na ukimya niliousifu siku ya kwanza. Yule dereva. Nilidhani ni ustaarabu.

Julai 13

Nilimwambia Tajiri nataka kwenda kusema. Alifunga mlango wa saluni, akawasha mashine mbili za kunyolea akaziacha zinanguruma mezani, ndipo akaongea.

"Kiti cha tatu," akasema, "kilikuwa cha mtoto wa dada yangu. Aliuliza kwa nini picha lazima iwe kubwa kiasi kile. Hilo tu. Aliuliza kwa utani." Akajipangusa macho kwa mkono wa shati jeupe. "Wamempa miaka mitano. Mimi naifuta vumbi picha ile kila asubuhi, kwa mikono yangu. Usiende."

Nilikuwa namwona muungwana, halafu tangu siku ile nimemwona nyoka. Leo sijui nimwone nani. Ni mzee mwenye kitambaa cha vumbi.

Julai 14

Nimekwenda. Kwa miguu, jua la saa sita. Kituo chao kina marumaru na maua, ungedhani hoteli. Karani kijana, nadhifu, mkalimani pembeni yake. Nikasema: karatasi ile niliichana mimi, nilifutia mimi, mwenzangu aliiokota tu kuniokoa.

Mkalimani akatafsiri. Karani akafungua jalada, akasoma, akalifunga.

"Anasema huyo ameshakiri," mkalimani akaniambia.

"Hakufanya! Amekiri nini?"

"Anasema ameshatia sahihi. Miaka minne. Shauri limefungwa."

"Basi lifunguliwe, mwenye kosa ndiye huyu amesimama!"

Wakaongea wao kwa wao. Karani alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja dukani kuuliza bidhaa isiyouzwa pale.

"Anasema kosa ni moja na aliyekiri ni mmoja. Ukisema si yeye, ina maana amedanganya serikali, na hilo ni kosa lake jingine. Anauliza, unataka kumwongezea?"

Nje kwenye maua palikuwa na mtu anamwagilia.

"Hapana," nikasema.

"Anasema uende na amani. Anasema, kwa nini hukuja siku ya kwanza?"

Sijui kama karani alisema hivyo kweli, au ni mkalimani aliyeuliza kwa nafsi yake.

Julai 30

Kibali changu cha kazi kimefutwa. Hawakusema sababu.

Agosti 6

Tajiri kanirudishia pasipoti, ameifuta vumbi. Hakunipa mkono mbele ya benchi. Sasa viti vitatu, vyote vitupu, na yeye chini ya picha.

Simu ya Shemeji nimeichukua, pamoja na ile picha. Betri niliitoa.

Agosti 9

Nyumbani. Kwenye foleni ya mizigo mama mmoja mnene alikuwa anamfokea ofisa wa forodha, kidole puani kwake. "Wewe nani kwani? Kodi yangu ndiyo imekununulia hiyo kofia! Lifungue tena hilo sanduku uone!" Ofisa anajibu, "Mama, punguza sauti." "Sipunguzi!" Watu wanacheka, wengine wanamchochea.

Miezi mitatu iliyopita ningesema, tazama washamba hawa. Leo nilikaa juu ya sanduku langu nikasikiliza neno kwa neno, kama mtu mwenye kiu anayesikia bomba linakoroma. Halafu nikajikuta natazama viatu vya watu waliosimama nyuma yake. Natafuta vinavyong'aa.

Agosti 11

Wamekuja majirani wote. "Haya, tusimulie dunia!" Nikasema kuna joto, barabara nzuri. Mama alinitazama sana. Walipoondoka akaniuliza, "Mwanangu, wamekufanya nini kinywani?"

Agosti 17

Nimesafiri siku nzima hadi mji wa Shemeji. Duka lenyewe la dobi ni chumba kirefu kimejaa mvuke, mashati ya watu yananing'inia kama abiria wa basi wasio na vichwa. Nilimtambua kwa ile picha. Pasi mkononi vilevile.

"Wewe ndiye shemeji," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kaka aliniandikia, amepata mtu wa kumchekesha. Yuko wapi?"

Nikamwambia. Sikupunguza, sikupamba. Gazeti, mfuko, kioo, kituo, miaka minne. Aliendelea kupiga pasi shati moja tangu mwanzo mpaka mwisho, shati lilelile, hadi likaanza kunuka moto.

"Ulikwenda kusema," akaniuliza.

"Nilikwenda."

"Lini?"

"Siku ya kumi na mbili."

"Na zile kumi na moja ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanyoa."

Akasimamisha pasi. Nilingoja anipige nayo, na nisingeikwepa. Badala yake akasema, "Meseji zangu ulizisoma?"

"Nilizisoma."

Hapo ndipo alipolia. Si kwa miaka minne. Kwa meseji.

Alipomaliza alijipangusa na kola ya shati la mtu. "Haya, shemeji. Kule ulinyamaza, huku hakuna wa kukunyamazisha. Kesho asubuhi redio inafungua simu kwa wasikilizaji. Utasema. Nchi nzima isikie, na wale wakubwa wetu wanaokaa na wakubwa wao mezani wasikie."

Agosti 18

Tulipiga simu kutoka palepale kwa dobi, wapiga pasi wote wamesimama wanasikiliza. Mtangazaji akasema, "Karibu msikilizaji, tunakupata, tiririka."

Mimi, ambaye redio hiyohiyo nilishaipigia mara nane kutukana bei ya sukari, nilifungua kinywa na nikasikia sauti yangu inasema, "Hewa ni nzuri."

"Samahani, msikilizaji?"

"Hewa," nikasema. "Ni nzuri."

Dada yake alininyang'anya simu. Alisema dakika saba. Alimtaja waziri wa mambo ya nje kwa jina lake na la baba yake, alimwita bubu anayelipwa mshahara wa kusema. Alipomaliza wapiga pasi walishangilia. Mimi nilikuwa nimesogea karibu na mlango, natazama barabarani.

Hakuna aliyekuja. Kutwa nzima. Alikuja mteja mmoja tu kulalamikia shati lake lililoungua.

Agosti 29

Nimefungua kibanda. Mzee fundi bomba kaja na ukurasa wake mfukoni, kamkunja waziri mpya. "Nilikukosa, bwana! Yule mwingine ananyoa kama anapara samaki. Haya, nifutie kwa huyu."

Nikachukua ukurasa, nikaukunja sura kwa ndani, nikafutia upande wa matangazo ya vifo.

Alinitazama kwenye kioo. Hakusema kitu. Yeye naye!

Septemba 8

Mvua zimeanza. Kila Jumatatu dada yake Shemeji anakuja mjini kwetu kwa basi la usiku, anasimama mbele ya wizara ya mambo ya nje na picha ya kaka yake. Jibu bado. Wanamwambia wanalifuatilia. Mimi nasimama naye, namshikia mwavuli.

Septemba 22

Leo mvua ya mawe. Basi la dada yake limechelewa, nikafika peke yangu, picha ya Shemeji, aliyoniachia wiki iliyopita, nimeifunga kwenye nailoni. Mlinzi wa geti ametoka kwenye kibanda chake amejifunika gunia.

"We mzee, kila wiki unasimama hapo kama nguzo. Unataka nini hasa?"

Nikatazama viatu vyake. Mabuti ya mpira, tope mpaka magotini.

"Karatasi ilikuwa yangu," nikasema.

"Karatasi gani?"

"Ya kufutia wembe. Niliichana mimi. Huyu hapa hakufanya kitu. Aliitia mfukoni mwake ili mimi nisikamatwe, na mimi nikanyamaza siku kumi na moja."

"Sikusikii, mvua hii! Sema kwa nguvu!"

Nikasema kwa nguvu. Watu waliojikinga chini ya mabati ng'ambo ya barabara waligeuka. Nikasema tena, lote, tangu gazeti mpaka kioo, mpaka koo likauma. Mlinzi alinisikiliza hadi mwisho, maji yanamchuruzika puani.

"Pole, mzee wangu," akasema. "Lakini hayo ungewaambia wao."

Akarudi kibandani kwake. Hakuna aliyenikamata. Nilibaki nimesimama mpaka basi la dada yake likafika.

Hewa leo ni mbaya sana.